Mbung'o wa Mzee Masanja

Mimi ni afisa mifugo, na najigamba kwamba sijawahi kushindwa kumtambua inzi kwa picha. Juzi Mzee Masanja, mfugaji wa Ilemba, alinitumia picha ya inzi kwenye simu, bila maneno. Nikaikuza. Mbawa zimelaliana kama mkasi: mbung'o, yule anayewaulia watu ng'ombe! Nilishangaa tu inzi huyo alivyotulia mbele ya kamera.

Kesho yake ulikuwa mnada wa mifugo. Bila kumuuliza mzee chochote, nikampigia bosi wangu, ng'ombe wote wa Ilemba wakazuiwa kwenda mnadani. Nikashuka bondeni Ilemba na mitego ya mbung'o, ile ya kitambaa cha buluu.

Nilikuta wafugaji wamefura, fimbo mkononi. Nikainua simu. "Huyu ameshiba damu ya ng'ombe wenu! Mzee Masanja, tupeleke ulipompigia picha."

Mzee akaingia ndani, akatoka na chupa ya dawa ya kuogeshea mifugo. Kwenye lebo alikuwepo mbung'o wangu, mbawa zile zile.

"Nilitaka kukuuliza, mwanangu, kama dawa yenyewe ndiyo hii."

Mtu wa nyuma akauliza, "Sasa afisa, hiyo mitego tukaitege duka la dawa?"