Mkono Wake kwenye Rojo la Zambarau

Joto la Kyela mtu wa milimani halijui, hata ukimweleza. Siagi ya mzungu wetu haikuwa ya kupaka, ilikuwa ya kunywa. Nalitaja joto kwa sababu ndilo lililotufanya tuogope kupiga chapa kwa rojo, lisije likayeyuka, kumbe la kuogopwa lilikuwa jingine.

Nilikuwa mpiga chapa wa misheni, enzi za Mjerumani. Shule yangu ndogo, kusoma na kuandika basi, ila mwandiko wangu ulinyooka, wakanitia chumba cha chapa. Mle mlikuwa na njia mbili. Ya kwanza, mashine ya chuma na herufi za risasi. Unazipanga mojamoja kama mtu anayechambua mchele, unapaka wino mweusi, unakandamiza. Chapa yake haifutiki. Taabu ni kwamba sanduku la herufi lilikuja limejaa zile wanazozipenda Wajerumani kwao. Sisi Wanyakyusa tunazila a na k kama ndizi, hujafika nusu ya ukurasa zimekwisha.

Njia ya pili, rojo. Unachemsha gundi ya kwato za ng'ombe, unamimina kwenye sinia la bati. Likiganda, unalaza juu yake karatasi iliyoandikwa kwa wino wa zambarau, nalo linafyonza maandishi. Kisha unalaza karatasi nyeupe, unainua: maneno yaleyale, kwa mkono uleule wa aliyeandika. Lakini karatasi zinazotoka ni chache, jua likizipiga zinapauka, na ile ya kwanza inabaki imenyonywa, kivuli tu. Dawa ya kulainisha rojo ilitoka Ulaya. Vita vilipofunga njia tukatia asali. Sisimizi walishukuru kuliko Wakristo wengi ninaowafahamu.

Masika ya mwaka huo wa vita mke wangu alikufa kwa homa. Alikuwa Mkisi, wa kule Ikombe wanakofinyanga vyungu, na aliwafundisha wanawake kusoma. Alikuwa ametunga wimbo, akauandika kwa wino nilioutoa kwenye chumba cha chapa. Karatasi hiyo ndiyo pekee iliyobaki yenye mkono wake.

Sasa, desturi ya wazee wetu ni kwamba mfiwa huoshwa mtoni, na marehemu huambiwa, mwache huyu, nenda kwa wenzako. Baadaye ndipo anaitwa tena nyumbani kwa amani. Misheni ilikataza. Sikuoshwa. Nikawa nikiinama juu ya sinia nasikia harufu ya udongo mbichi nyuma ya bega langu, nageuka, hakuna mtu. Sisemi ni yeye. Nasema udongo ulinuka, na chumbani hamkuwa na udongo.

Wakristo wetu asubuhi ya Pasaka, kabla ya jua, huenda makaburini kuwaimbia waliozikwa mwaka ule. Mzungu alikubali uimbwe wimbo wa mke wangu. Ikabaki kuchagua njia ya kuupiga chapa. Mama mkwe alikuja kwa mtumbwi kutoka Ikombe, akaketi mlangoni pa chumba cha chapa.

"Risasi," mzungu alisema. "Rojo ni la matangazo. Wimbo udumu."

"Hizo risasi, Bwana, zina mkono wa nani?"

"Hazina mkono wa mtu, mama."

"Basi huyo si mwanangu. Huyo ni mgeni anayeimba wimbo wake."

"Ya rojo itafutika!"

"Na chungu huvunjika. Mbona Bwana anapikiwa humohumo?"

Mzungu alicheka mpaka miwani ikamshuka. Mimi sikucheka. Nilitaka risasi, ili karatasi yangu ibaki nzima. Mama mkwe alinitazama, akasema kwa upole, "Mkwe wangu, wewe unalala naye, karatasi yake chini ya mto wako. Mimi sijui kusoma, lakini mkono wake naujua. Nigawie."

Nililaza karatasi juu ya rojo, nikapitisha kiganja taratibu kama ninayemfunika mtu shuka. Pasaka ile kila aliyejua kusoma alishika mkono wa mke wangu, na mama mkwe alishika karatasi yake, kichwa chini miguu juu, akaimba kuliko wote. Ile yangu ikabaki nyeupe, yenye michirizi.

Hatukupumzika. Tarishi alikuja kutoka Boma: majumbe wote watoe wapagazi wa vita, tangazo lipigwe upesi. Kwa haraka hiyo, njia ni rojo, na rojo lilikuwa moja. Nililifuta kwa maji, nikaandika tangazo, nikalaza, nikatoa.

Wino wa jana huzama chini ya rojo, lakini hauzami kwa amri. Kule Ipinda mwalimu alisimama kusoma: kila kijiji kilete wanaume wenye nguvu. Akaisogeza karatasi karibu na macho. Chini ya maneno ya serikali kulikuwa na maneno mengine, mepesi kama moshi, kwa mwandiko wa mke wangu, ambao wanafunzi wake wote waliufahamu: *Njoo upumzike, mashamba yamefika jioni.* Wimbo wa makaburini. Watu hawakungoja amina. Ndandalo nako kukawa vilevile. Wanaume wakaingia kwenye matete, wakisema marehemu ndiye anayewaita.

Mama mkwe alikuja tena. Safari hii hakuketi.

"Mwanangu anaita watu vitani?"

"Haiti, mama. Ni wino haujazama."

"Hajaagwa. Mmemzuia njiani, sasa anatumwa na Boma kama tarishi. Mtoe humo."

Nilimwambia wazi: kumtoa ni kuliyeyusha rojo, na nikiliyeyusha, mkono wake umekwisha. Karatasi za Pasaka zinapauka, yangu imeshapauka.

"Najua," alisema. "Koleza moto."

Tuliliweka jikoni. Maandishi yalinyooka, yakapinda, yakawa uzi, yakawa rangi tu. Alikuwa anakoroga mwenyewe kwa mwiko, akinong'ona Kikisi, na mimi nikajua maneno yale bila kutafsiriwa: mwache huyu, nenda kwa wenzako. Ile harufu ya udongo ilitoka nje ya mlango kama mtu. Hadi leo haijarudi, na nimeingoja.

Rojo likaganda safi. Tarishi alikuwa uani anangoja. Nikaandika tangazo upya, nikatoa la kwanza, halina doa, halina kivuli. Wanaume waliposomewa hilo walitoka kwenye matete, wakafunga mizigo, wakaenda. Nyumba nyingi za Ndandalo zilibaki na wanawake tu.

Lakini siku ile, kabla hawajaenda, mama mkwe aliichukua karatasi ile mbichi, akaitazama sana.

"Na huu sasa ni mkono wa nani?"

"Wangu, mama."

Akaniwekea karatasi juu ya meza, akaenda zake kwenye mtumbwi.