Stendi Aliyoikubali Mama

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile niliyoipandisha pikipiki yangu juu ya stendi niliyoitengeneza mwenyewe, uani kwetu Old Moshi, kisha nikarudi nyuma kidogo ili niitazame vizuri. Matairi yote mawili yalikuwa hewani. Nililisukuma la nyuma kwa kidole, likazunguka na mnyororo wake bila kugusa kitu, nami nikasimama pale nimeshika kiuno kama mtu aliyemaliza kujenga kanisa. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu nilitaka kujua barabara ya Tanga inaishia wapi, na tangu hapo nilikuwa nimeanza mambo mengi nikayaacha njiani. Stendi ile ndiyo kitu cha kwanza nilichokianza nikakimaliza.

Nakuandikia haya kwa sababu ya swali lako la juzi. Ulikuja kuniamkia, ukanionyesha kwenye simu picha za stendi za pikipiki, nyingine nyekundu, nyingine zina vigurudumu, ukaniuliza ununue ipi. Umepata kazi Mwanza, na pikipiki unaiacha Rau kwa mama yako mpaka utakapotulia. Nilikuambia nitakujibu, ukaondoka umenuna kidogo, maana ulitaka neno moja tu. Sina neno moja. Nina mama yangu, na alichoniambia asubuhi hiyo ndicho kilichonifunza kuchagua stendi.

Wakati huo nilikuwa nimefanya kazi mashamba ya miwa huko chini, nikimsaidia fundi wa kuchomelea vyuma. Hakuna kitu ambacho sikumuuliza yule fundi, mpaka akaniita Bwana Kwa Nini. Pikipiki niliinunua ikiwa imeshazeeka, nikaipandisha mlimani, na upande wetu wa mto ilikuwa ya peke yake. Basi nikasikia kwamba ziwani Kigoma kuna meli ya zamani sana, bado inatembea. Nikataka kuiona. Nikaaga kazi.

"Meli?" mama aliniuliza. "Unaacha kazi ukaangalie meli?"

"Nitaiangalia, halafu nitatafuta kazi huko huko."

"Haya. Na hili dude lako?"

Dude langu halikuwa na matairi ya kufika Kigoma. Nilitaka kuliacha nyumbani, lakini nilijua kwamba pikipiki ikilala miezi kwenye stendi yake ya pembeni, tairi huanza kubonyea upande ule ule unaobeba uzito, na kwenye udongo wetu wa kwenye migomba, mvua ikinyesha, ule mguu mmoja huzama taratibu mpaka pikipiki yote inalala ubavu. Ndiyo maana nikatengeneza stendi. Ilikuwa ya kuingia chini ya injini, na ukikanyaga mpini wake inainua pikipiki nzima. Niliifanya ndefu ili nifanye kazi bila kuinama, kwa sababu kuinama sipendi. Mpini niliufanya mfupi ili usinisumbue miguuni. Na chini nikaifunga vigurudumu vilivyotoka kwenye toroli bovu, kwa sababu vilipendeza. Uani kwetu ni mteremko, kama kila mahali mlimani, kwa hiyo kila gurudumu nililiwekea jiwe.

Mama alitoka kwenye migomba amebeba mti wenye panda begani. Ni ile miti ambayo akina mama wa kwetu huegemezea migomba iliyolemewa na mkungu. Baba alikuwa ameshafariki. Nyumbani walibaki mama na mdogo wangu Aikande, aliyekuwa kidato cha nne, na mimi nilipokuwepo.

Aliweka ule mti chini, akaizunguka pikipiki polepole.

"Imependeza," alisema.

Nikavimba.

"Haya mawe ya nini?"

"Ili isitembee, mama."

"Kumbe inatembea." Akainama akatazama chini, akainuka. "Iteremshe nione."

Nikaiteremsha. Nilikuwa na nguvu, nilivuta ule mpini mfupi huku nimeibana pikipiki kwa nyonga, ikashuka kwa kishindo kidogo.

"Irudishe."

Nikairudisha, nikapumua kwa pua ili asione kwamba nimechoka.

"Sasa nipishe. Niiteremshe mimi."

Nilicheka, mwanangu. Nilicheka kweli. Aikande naye alikuwa mlangoni na kitabu mkononi, akacheka pia, ila yeye alikuwa ananicheka mimi.

"Mama, wewe pikipiki ya nini?" nikasema.

"Unaondoka lini?"

"Jumatatu."

"Ukishaondoka, hapa anabaki nani?"

Akafunga kanga vizuri kiunoni, akashika usukani kwa mkono mmoja, akajaribu kuuinua mpini. Haukukubali. Akaongeza nguvu, pikipiki ikayumba, jiwe moja likachomoka, nami nikarukia nikaidaka kabla haijamwangukia. Tukasimama pale tumeishika wote wawili, mimi nikihema zaidi yake.

"Kaka ametengeneza kitanda," alisema Aikande kutoka mlangoni. "Ikishalala, hakuna wa kuiamsha."

Mama hakucheka. Aliniangalia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuomba chumvi: "Eliamini, umejitengenezea wewe. Na wewe huishi hapa."

Nimetukanwa sehemu nyingi katika maisha yangu, na watu wenye ufundi wa kutukana. Hakuna tusi lililoniingia kama maneno hayo yasiyokuwa na tusi ndani yake. Nilikasirika. Nikamwambia pikipiki ni yangu, mimi ndiye ninayeiweka na mimi ndiye nitakayekuja kuitoa. Hakubishana. Aliokota mti wake akaniambia nimfuate.

Alikwenda kwenye mgomba mmoja uliokuwa umeinama kwa mkungu mkubwa. Kabla ya kufanya chochote alitafuta jiwe bapa, akalikandamiza kwenye udongo pale ambapo mguu wa mti ungesimama. Kisha akaingiza ile panda chini ya shingo ya mkungu, akasukuma, mgomba ukatulia. Akaniambia baba alipokuwa hai alimkatia miti mirefu, ya urefu wa baba, na kila siku ya kuvuna ilibidi amwite mtu aje kuitoa. Sasa anakata mwenyewe, ya urefu wa mikono yake. "Anayeweka ndiye anayetoa," aliniambia, "na anayetoa ni mimi. Wewe ukiwa huko kwenye meli yako, nikihitaji kuhamisha dude lako mvua isilinyeshee, nikuite?"

Jumatatu sikuondoka. Niliibeba stendi kichwani mpaka mjini, kwa fundi mmoja wa mtaa wa Soweto niliyemfahamu, nikamwomba aniachie mashine yake wakati yeye anakula. Nilikata miguu. Nikaishusha mpaka ikawa inainua matairi kiasi cha kupitisha vidole tu chini yake, basi, maana kuzungusha tairi na kupaka mnyororo oili havihitaji zaidi ya hapo. Mpini niliurefusha sana, mpaka fundi aliporudi akauliza kama nachonga kasia. Lakini mpini mrefu ndio unaobeba kazi badala ya mgongo. Vigurudumu nikavitupa. Mahali pake nikachomelea vipande vipana vya bati nene, ili miguu isizame, na juu, pale chuma cha stendi kinapokutana na chuma cha pikipiki, nikafunga mpira wa tairi kuukuu ili kisiteleze. Ikawa mbaya kwa kuitazama. Ilifanana na bata aliyekaa.

Niliiweka kwenye banda la kahawa, mahali palipo tambarare. Mama akaja. Nilimwonyesha afungue kwanza stendi ndogo ya pembeni, ashike usukani, kisha auinue mpini kwa mguu polepole. Pikipiki ikashuka kama mtu anayekaa kwenye kigoda. Akakanyaga, ikapanda. Akaishusha tena. Akaipandisha tena. Akamwita jirani yetu Lazaro, mjenzi, aliyejua kuendesha, aje aone. Lazaro akaona. Mama akawaita na wanawake wawili waliokuwa wanapita na majani ya ng'ombe, nao wakatua mizigo wakaona.

"Mama Eliamini," Lazaro alimwambia, "bado kuiendesha tu."

"Kuendesha ni kazi yako," mama akamjibu. "Ufunguo uko kwangu."

Nikaondoka. Meli niliiona, na ni kweli inatembea.

Yaliyofuata niliyasikia niliporudi Krismasi, kwa maana Krismasi hata mzururaji wa kwetu hurudi. Mvua za vuli mwaka huo zilianza kwa fujo. Asubuhi ya siku ya kwanza ya mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, Aikande alitoka mapema na rula yake na kalamu, akafika mtoni, akakuta daraja la magogo limeondoka. Shule iko ng'ambo. Njia nyingine ni kushuka mpaka barabara kubwa, kuvuka daraja la mawe, kisha kupanda tena upande wa pili, na kwa miguu angefika wenzake wakiwa wanakusanya karatasi. Alirudi nyumbani amelowa mpaka magotini, analia. Katika nyumba yetu hakuna aliyekuwa amefika mtihani huo. Mimi sikuwa nimeukaribia hata kwa mbali.

Mama alikwenda bandani, akafungua stendi ya pembeni, akashika usukani, akauinua mpini kwa mguu. Akaisukuma pikipiki kwenye matope mpaka kwa Lazaro, Aikande akisukuma nyuma. Lazaro alikuwa ananyoa ndevu, nusu ya uso ina povu.

"Mae! Nani ameishusha?" aliuliza.

"Mguu wangu. Panda."

"Ninawe kwanza."

"Utanawa ukirudi."

Wakaenda hivyo hivyo. Aikande anasema wanafunzi walikuwa kwenye foleni mlangoni, wanakaguliwa, wakati pikipiki inaingia na dereva mwenye povu. Lazaro anasema aliikimbiza mpaka akaogopa mwenyewe. Mama nilipomuuliza, alisema, "Niliishusha, wakaenda," akarudi kumenya ndizi.

Aikande alifaulu. Leo anafundisha hesabu, na watoto aliowafundisha wengine ni madaktari. Mimi ndiye niliyeukata mpini ule na kuuchomelea, na ninajivunia, siwezi kukuficha. Nimezunguka nchi hii, nimechomelea mageti ya watu wakubwa, na sijawahi kutengeneza kitu kilichofanya kazi kubwa hivyo. Lakini kila ninapojisifu ninajua aliyeichagua ile stendi ni nani. Kama si mama, Lazaro angeikuta pikipiki nzima, safi, yenye oili, iko juu hewani kama sanamu, na mtoto analia chini yake.

Sasa nikujibu. Usianze na picha. Anza na mama yako, kwa sababu ndiye anayebaki. Nenda naye dukani, na kama muuzaji atawacheka, mwache acheke, wewe mwambie mama aipandishe na kuiteremsha pikipiki inayolingana na yako, mbele yako, mpaka mikono yake izoee. Ikimshinda, hiyo si stendi yenu, hata ikiwa nyekundu namna gani. Pale Rau baraza yenu ni ya saruji na ni sawa, kwa hiyo vile vigurudumu vinaweza kufaa ikiwa vina kufuli. Lakini ukija kuileta huku juu kwetu, vitoe. Ile inayonyanyua tairi la nyuma peke yake inatosha ukitaka kusafisha mnyororo au kuziba pancha. Ya kuiacha miezi ni ile inayonyanyua yote mawili, au kama ni ya nyuma tu, basi mama ageuze lile la mbele kila baada ya muda lisikae upande mmoja. Tazama chini ya pikipiki yako kabla hujalipa: kama kuna bomba la ekzosi au kifuniko cha injini mahali ambapo stendi inagusa, utavunja kitu. Iwe na miguu mipana. Iwe na mpira juu. Uzito inaoweza kubeba uzidi uzito wa pikipiki ikiwa na tenki lililojaa, si kwa kidogo. Usiifunike kwa nailoni, inatoa jasho. Tumia shuka kuukuu. Na ufunguo usiondoke nao. Huo ndio ugonjwa wetu sisi tunaosafiri, tunafunga kila kitu na kuondoka na ufunguo, halafu tunasema tumewaachia.

Tafuta na jirani mmoja anayejua kuendesha. Mkabidhi kwa mama, mbele ya mama.

Nenda Mwanza, mwanangu. Ziwa la huko ni kubwa, liangalie kwa niaba yangu, na ukiona kitu cha ajabu niandikie kinavyofanya kazi. Mungu akulinde njiani, ampe mama yako nguvu za miguu na mikono. Na siku watakapokuhitaji nyumbani nawe uko mbali, kazi ya mikono yako iwe imekwisha kufika kabla yako.