Samaki wa Kumkaribisha Habiba

Mwanangu, kwa kuwa unakwenda kufundisha, ipo siku moja nisiyopenda kuikumbuka, na leo nitakusimulia na aibu yake yote.

Baada ya yale mafuriko makubwa ya mwisho wa miaka ya tisini, nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja karibu na Kulesa. Mimi Mpokomo, mtu wa mtoni, samaki kwangu ndio chakula. Akaletwa darasani Habiba, binti wa Kisomali, familia yake imekimbia vita kwao. Saa ya chakula nikamtengea kichwa cha kambare juu ya sima, kile tunachompa mgeni wa heshima. Nikajiona mwema kweli! Alikitazama tu. Nikamsimamia: "Kula, usione haya. Hapa ni kwenu." Alitia mdomoni kwa kuniogopa, akatapika mbele ya wote. Wenzake wakaangua kicheko, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia ana maringo.

Hakurudi shule. Mwalimu mkuu, mama asiyepandisha sauti, akaniita.

"Ulimuuliza kwao wanakula nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi twende ukaulize."

Kumbe kwao ni wafugaji, samaki hawamgusi. Mama yake Habiba alitukaribisha kwa maziwa ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Harufu ikanipanda puani, funda la kwanza likagoma kooni, machozi yakanitoka. Mama akakichukua kikombe taratibu, wala hakucheka.

"Mwalimu, wacha. Hii wewe hapana zoea. Mimi napika chai."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwomba radhi, yeye na bintiye. Habiba akasema polepole, "Watoto watanicheka."

Kesho yake nikalisimulia darasa jinsi maziwa yalivyonishinda. Walinicheka hadi wakashika mbavu, nami nikawaacha. Jioni nikaenda kumwambia Habiba kwamba sasa wa kuchekwa ni mimi. Asubuhi alikuja na mama yake, tukampa mama kiti ndani ya darasa, nyuma ya watoto.

Mwanangu, mtoto wa mbali akiletwa kwako, usikimbilie kumpa kitu. Muulize kwanza, muulize na mzazi wake, kisha ungoje jibu. Mimi nilimuumiza mtoto wa mtu huku najisifu. Mungu akupe masikio ya kusikiliza, na kila mtoto utakayekabidhiwa arudi kwa mamake bila jeraha la mkono wako. Amina.