Takwimu Zilizosimamishwa Mkutanoni

Nilirudi Isongole na stashahada ya afya niliyoisotea mwenyewe. Hakuna mjomba aliyenisemea popote. Nilichimba shaba Zambia, nikajisomesha, nikawapita darasani watoto wa wakubwa. Ndiyo maana hadi leo damu hunichemka nikikumbuka alichokifanya mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa mbele ya wageni wa wilaya.

Nilikuwa nawaeleza wageni kwamba kifua kikuu kinaongezeka, na tunajua hivyo kwa kuhesabu wanaotibiwa zahanati. Idadi hupelekwa wilayani ili dawa zije; majina hubaki zahanati. Mwenyekiti aliona natoa maneno matupu. Vyoo alikuwa akivihakiki kwa kuvitembelea, na mashamba vivyo hivyo. Tena kwake yeye, kijijini nani asiyejua nani anachomwa sindano za kifua kikuu? Akawaita wagonjwa mmoja mmoja, akaamuru wasimame, wageni wajionee. Kisha akaomba wapigiwe makofi kwa kukubali kutibiwa.

Kati yao alikuwamo mama mmoja kijana. Kwetu Undali, mwanamke hajitokezi mbele ya baba mkwe wake. Wakikutana njiani, yeye huchepuka. Siku hiyo baba mkwe alikuwa ameketi mstari wa mbele. Mama akasimama, kajifunika uso wote kwa kanga. Na watu wakapiga makofi!

Hakuja tena zahanati. Nikamfuata nyumbani, nikamwambia akikatiza sindano ugonjwa utamrudia kwa nguvu na utamuua. Alinijibu kutoka nyuma ya mlango.

“Bwana Afya, ulisema ni hesabu tu. Mbona waliyemsimamisha ni mimi?”

Mimi na stashahada yangu yote, nikaahidi tu kwamba jambo hilo halitarudiwa.

Mkutano uliofuata nilitaja idadi, na mwenyekiti akaanza tena: wasimame tuwaone.

“Hasimami mtu, Ndugu Mwenyekiti,” nikasema. “Kama ni lazima, anza wewe. Simama utuambie mara ya mwisho ulikuja kutibiwa nini.”

Uwanja mzima uliangua kicheko. Mwenyekiti alibaki kwenye kiti chake, akaita ajenda ya mbolea. Ugonjwa wake niliujua, na sijamwambia mtu mpaka leo.

Wanawake walimfikishia yule mama habari kabla mkutano haujafungwa. Asubuhi nilimkuta kwenye benchi la zahanati, anasubiri sindano.