Kwa mnaosema chuo cha filamu cha serikali ni kupoteza kodi: salamu ya shangazi yangu wa Mlalo

Habari za majukumu wakuu, na wakubwa zangu mliomo humu shikamooni.

Kuna mwenzetu kaandika kwenye uzi mwingine kwamba chuo cha filamu cha serikali ni anasa, eti kuigiza ni kipaji tu, darasa la nini. Nilitaka kupita kimya nikashindwa. Mimi nimesoma hapo. Ninachosimulia kimenitokea mwenyewe, chumvi sijaongeza, na watu wa Lushoto mliopo mtanirekebisha nikiteleza.

Mimi ni Mshambaa wa Mlalo, huko huko Lushoto. Naingia chuo, kichwani nina filamu moja tu: jumba la ghorofa Mbezi ya Dar, geti, mlinzi anafokewa, tajiri anashuka ngazi akiongea na simu.

Msicheke. Na nyie mmekulia hizo hizo.

Sasa chuo chetu kina sharti kwa wanaomaliza. Filamu ya mwisho unaenda kuipiga kwenu, na watu wa kwenu. Kamera unapewa, kinasa sauti unapewa, ila jumba la Mbezi hupewi. Nililia. Niliona nimepewa adhabu kabisa. Mlalo nikapige nini, kabichi na ukungu?

Nikaandika script ya binti aliyeondoka nyumbani akapotea miaka, hata kwenye msiba wa baba yake hakuja. Anarudi, anamkuta mama yake uani, mama anamlipukia hapo hapo.

Binti akacheza rafiki yangu Upendo. Mama nikampa shangazi Naomi, dada yake baba, mkulima na mwimbaji wa kwaya ya usharika. Hajawahi kuigiza maishani mwake.

Siku ya kupiga nikasema "action". Shangazi anachambua maharage tu.

"Shangazi, mfokee."

"Nimfokee vipi, hajaniamkia?"

"Ni filamu shangazi. Salamu tunaruka."

"Mnaruka nyie wa huko. Mtoto aingie uani kwangu, anitolee macho, mimi nianze kumtukana? Watu watasema Naomi kachanganyikiwa. Aniamkie kwanza."

Nilikasirika jamani. Betri inaisha, ukungu unashuka, na mimi mtu wa chuo nabishana na shangazi kuhusu shikamoo. Nikamwambia Upendo, haya, muamkie yaishe.

Upendo akapiga goti. "Shikamoo mama."

Shangazi hakuitikia.

Wakuu, kwetu kunyimwa marahaba ni kuzito kuliko kofi. Upendo alishtuka kweli, hapo hakuwa anaigiza. Akarudia, sauti imepungua. Shangazi akaendelea na maharage yake. Halafu, bila kumtazama, akaanza: "Huko utokako hawajambo? Wenyeji wako wazima? Na kazi zinaendelea?" Salamu nzima, hatua kwa hatua, kwa ile sauti unayompa mgeni usiyemjua. Marahaba hakutoa. Upendo anajibu "hawajambo mama" huku machozi yanamtoka.

Mimi hata kusema "cut" nilisahau. Yale matusi niliyoandika sikuyapiga tena, yangeonekana ya kitoto.

Nikarudi chuo kifua mbele. Madam wa uhariri, mtu wa Tanga mjini, akaangalia akaguna. "Scene yote hii watu wanasalimiana. Mtazamaji atalala. Kata, ingia kwenye ugomvi."

"Madam, huo ndio ugomvi."

"Tutaona darasani."

Darasani kuna utaratibu. Filamu inaonyeshwa mbele ya wote, na anayechoka ananyoosha mkono. Mikono ikiwa mingi, kipande kinaondoka, hakuna kujitetea. Nikinyang'anywa ile salamu sina filamu. Nisipokuwa na filamu simalizi chuo.

Siku yenyewe ikafika. Ukumbini kuna wa Kigoma, wa Mtwara, wa Musoma, wa Pemba. Salamu ikaanza. Skrini sikuiangalia kabisa, nilikuwa nakodolea mikono ya wenzangu.

Hakuna mkono.

Shikamoo ya pili, hakuna mkono. Mkaka wa Kigoma aliyekaa mbele yangu akanong'ona, "Amuitikie basi, jamani." Huyo hata Lushoto hajawahi kufika!

Ilipoisha madam akasimama. "Mimi ndiye niliyekosea. Ukigusa kipande hicho nakufelisha." Darasa lililipuka kwa vifijo, na mimi nikaruka kama nimefunga goli.

Chuo kikaichagua kuzungushwa mikoani. Ikaletwa mpaka Mlalo, ukumbi wa usharika, watu wamejaa hadi madirishani. Shangazi kakaa mstari wa mbele na kitenge kipya.

Upendo akapiga goti kwenye skrini. "Shikamoo mama." Shangazi wa kwenye skrini anachambua maharage yake. Mama mmoja nyuma akashindwa kuvumilia: "Naomi, muitikie mtoto!" Mwingine akadakia kwa Kishambaa, mara ukumbi mzima unapiga kelele aitikie.

Shangazi akainuka. Akaielekea skrini, akatoa sauti yake yote ya kwaya:

"Marahaba mwanangu! Karibu nyumbani!"

Sijawahi kusikia shangwe ile. Watu walikumbatiana, wengine wanalia, na mimi nilijiona mkubwa kuliko tajiri yeyote wa Mbezi.

Nilichojifunza ni hiki. Kipaji shangazi anacho tangu azaliwe, ila bila lile sharti nisingemwekea kamera kamwe. Chuo cha umma ndicho kilinirudisha kwetu kwa nguvu, kikanipa vifaa, kikanikalisha mbele ya wenzangu wa nchi nzima waniambie kama wamejiona. Filamu za taifa zinapatikana hivyo.

Haya wakuu, na kwenu mngepiga nini? Mwageni hapa, nasoma zote. Na wewe ndugu wa kupoteza kodi karibu sana tubishane, ila uanze na salamu.