Wimbo Usiopandisha Pepo

Siku hizi Chengo Nzai akipuliza nzumari, watu hutikisa vichwa na kusema, "Kipaji hicho, kazaliwa nacho." Mimi hukasirika. Kazaliwa nacho wapi? Mimi Nguma, mtoto wa mama yake mdogo, nipigaye chapuo, ile ngoma ndogo, ubavuni pake tangu ujana wetu, nilimsikia alipokuwa akilia kama mbuzi aliyekanyagwa, na majirani wa Changamwe wakiturushia makokwa ya maembe. Hakuzaliwa nacho. Alikitafuta, kikamkimbia, akakifukuza mpaka akakitia mkononi. Nitawaeleza alivyokitia mkononi, hata kama hamna nafasi ya kusikiliza.

Ilikuwa miaka ya vita. Sisi wawili tulikuwa vibarua wa kupakua magunia kwenye mabohari ya Changamwe. Chengo alikuwa na shangazi yake, Bi Kafedha, mganga wa pepo aliyekaa Mjambere, huko Kisauni. Mpuliza nzumari wa ngoma zake alikuwa amefariki, na nzumari yenyewe imetundikwa ukutani, inakula vumbi. Kila tulipokwenda kumwamkia shangazi, Chengo alikuwa haoni chakula wala haoni watu, anaona ukuta tu.

"Hebu itoe," shangazi akamwambia siku moja. "Lakini pumzi utaiweza?"

Maana nzumari haikatwi pumzi. Mpulizaji anatoa hewa mashavuni huku anavuta nyingine puani, na sauti haisimami mpaka wimbo uishe. Shangazi akampa bomba la jani la mpapai na kifuu cha maji. Apulize humo, maji yatoe mapovu, na mapovu yasikatike hata anapovuta pumzi. Basi Chengo akawa anakwenda na kifuu chake kazini. Wenzetu wakila muhogo saa ya mapumziko, yeye yuko juu ya gunia anapuliza maji. Wakimcheka kweli! Walimwita mpishi, eti anachemsha maji bila moto. Mapovu yalikuwa yakija, yakikatika, yakija, yakikatika, na maji yanamwingia puani anakohoa mpaka machozi yanamtoka.

Halafu siku moja hayakukatika. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona pua inavuta na mapovu yanaendelea, inavuta tena na mapovu yanaendelea. Niliruka nikapiga kelele kama mtu aliyeona moto. Wapakuzi wote wakaja mbio, na wale wale waliomwita mpishi wakawa wanampigia makofi. Chengo macho yamemtoka, hataki kuacha, kama anayeogopa kwamba akiacha hataweza tena. Mpaka leo nikikumbuka mapovu yale nasisimka.

Nyumbani kulikuwa na vita vingine. Baba yake, Mzee Gershom, alikuwa mzee wa kanisa, na alikwisha kosana na dada yake Kafedha kwa ajili ya hizo ngoma. Alisema filimbi ya mashetani haitavuka kizingiti chake. Basi nzumari ikalala kwangu, chini ya kitanda. Chengo hakubishana na baba yake. Alikuwa akisema, "Naam, baba," kisha anakuja kwangu kupuliza.

Mwalimu wake akawa shangazi, na sharti la kwake lilikuwa moja. Kila pepo ana wimbo wake. Ukipulizwa wimbo wake, pepo huyo humpanda mtu aliye naye, akasema kwa kinywa cha mtu huyo, akataka anachotaka: marashi, kitambaa chekundu, ubani. "Nyimbo hizi zina wenyewe," shangazi alimwambia. "Usimwite usiyekuwa na haja naye." Chengo aliitikia, lakini moyoni alikuwa na lake. Alidhani bila chetezo cha ubani na bila maneno ya mganga, wimbo ni wimbo tu. Hilo ndilo kosa lake, na anayefundishwa na mganga wa pepo ndiye wa kulifanya, kwa kuzizoea mno hizo nyimbo.

Wakati huo Likoni kulikuwa na bwana aitwaye Mwidani, mkuu wa kundi la ngoma za harusi. Mpuliza nzumari wake alikuwa amehamia Tanga. Akasikia habari za kijana wa Changamwe mwenye pumzi ndefu, akatuita sote wawili. Harusi! Tena ya Likoni, kwa watu wenye kuijua ngoma! Tulivuka feri siku hiyo tunacheka ovyo kama walevi, na hatukuwa tumeonja kitu.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Chengo alipuliza nyimbo chache za harusi alizoziokota kwa wapulizaji wengine. Wanawake wakapiga vigelegele, Mwidani akanitolea jicho la furaha. Lakini nyimbo zile zikaisha, na harusi bado iko mbichi. Watu wanataka zaidi. Na Chengo, kwa furaha iliyomjaa, akaingia kwenye wimbo aliouweza kuliko yote, mtamu kama asali, mmoja wa zile za shangazi.

Nilipoutambua mkono ulinifia juu ya chapuo.

Bi Mwanatatu, mama wa bwana harusi, alikuwa amekaa mbele na wakwe zake. Mabega yakaanza kumtikisika. Leso ikamdondoka. Akainuka na sauti nene isiyo yake, akataka marashi, akataka ubani, kisha akaigeukia sinia iliyokuwa mbele yake akanguruma, "Pilau gani hii? Nyama iko wapi? Mwaniletea pilau isiyo nyama?"

Loo! Pilau ilikuwa imepikwa na mkwe wake, Bi Mwanasaumu, mama wa bibi harusi. Ilikuwa vita, mchele wenyewe wa kupigania foleni, na nyama ndiyo kabisa. Kila mgeni alikuwa ameona, na kila mgeni alikuwa amenyamaza kwa adabu. Bi Mwanasaumu akaangua kilio. Wanawake wakamrukia Bi Mwanatatu kwa marashi, na harusi ikavunjikia hapo, watu wanatafuta viatu vyao.

Kuanzia siku hiyo jina likawa Chengo Pepo. Alikopita, watu waliwavuta mama zao ndani, wengine kwa mzaha, wengine kweli. Mwidani alimwambia kwa upole, "Nzumari yako tamu, bwana, wallahi. Lakini mimi sina harusi ya kutupa." Tukajaribu Kisauni, tukajaribu kwetu Changamwe. Hata alipopuliza nyimbo za harusi tupu, nyimbo ambazo kila mtu anazijua, watu walikaa roho juu wakitazama nani ataanguka. Vita vikaisha, na sisi tuko pale pale kwenye magunia. Niliwachukia watu wale. Nawachukia kidogo hata sasa, na harusi zao naalikwa.

Ukaja mgomo mkubwa wa mwaka wa arobaini na saba. Kazi zikasimama kila mahali, gunia halinyanyuliwi. Chengo hakuwa na la kufanya ila kwenda Mjambere, nami nikamfuata.

"Shangazi," akasema, "nipe wimbo mmoja usio na mwenyewe."

"Kwangu haumo," akajibu Bi Kafedha, wala hakuacha kupepeta mahindi yake. "Katunge."

Katunge! Njia nzima ya kurudi Chengo alilirudiarudia neno hilo. Kisha tulipofika karibu na mabohari, yamefungwa, hakuna mtu, akasimama. "Nguma, ule mwito wetu wa kunyanyua gunia. Mmoja anaita, wengine wanaitika. Upo sikioni mwako?" Ulikuwepo. Nani angeusahau? Akaanza kuusaka kwa nzumari, mwito huku, jibu huku, na mimi naitika kwa chapuo. Tulishinda pale juani siku baada ya siku. Ulikuwa ukija nusu, unatoroka. Alikuwa akitukana, anatupa nzumari mchangani, anaiokota, anaipangusa kwa shati. Na siku ulipokuja mzima, ulikuja kwa kishindo. Ulipanda, ukazunguka, ukashuka ukicheka, na mimi mwenyewe nilijikuta nimesimama napiga chapuo huku naruka. Sijawahi kufurahi hivyo, na nimeoa mara mbili.

Siku hiyo Chengo alifanya jambo asilowahi kulifanya. Alikwenda na nzumari mpaka mlangoni kwa baba yake, akapuliza nje ya kizingiti. Mzee Gershom akatoka, uso umekunjwa.

"Na huu ni wa nani?"

"Wangu, baba."

Mzee akarudi ndani. Nikasema basi, anafuata bakora. Akatoka na kigoda, akaketi, akasema, "Anza mwanzo."

Lakini nani atawaaminisha watu kwamba haupandishi pepo? Hapo nilimvulia kofia shangazi. Aliwaita wagonjwa wake wote, wanawake wa Kisauni nzima, kila mmoja na pepo wake, akawakalisha uani. Akawasha ubani, ule wenyewe wa kazi, moshi ukajaa. "Puliza," akamwambia Chengo. Akapuliza wimbo wote mwanzo mpaka mwisho. Tukatazama. Hakuanguka mtu. Hakunguruma mtu. Mmoja alianza kutikisa kichwa, tukashikwa na hofu, kumbe anafuata ngoma! "Wimbo huu haumo humu," shangazi akatangaza, anawaonyesha wote kwa kidole. "Hauna mwenyewe ila huyu Chengo." Na wanawake wale wakaondoka na habari, kila mmoja na njia yake.

Haikupita muda akaja mjumbe kutoka Likoni. Hakutumwa na Mwidani. Alitumwa na Bi Mwanatatu mwenyewe.

Tukavuka feri. Alikuwa amekaa barazani, mwanamke mnene mwenye macho makali.

"Shikamoo, Bi," tukasema.

"Marahaba, wanangu. Ketini." Akamkazia macho Chengo. "Waijua hali yangu wewe? Tangu siku ile, kila harusi naketishwa nyuma kabisa, mbali na ngoma. Mie, Mwanatatu, niliyekuwa nikifungua ngoma hapa Likoni! Hata kwa jirani yangu naketishwa jikoni na wapishi. Na mwezi huu namuoza binti yangu, Dhahabu. Sitaki kuketi nyuma katika harusi ya mwanangu. Wewe ndiwe uliyenitia huko, na wewe ndiwe utakayenitoa. Mbele za watu wale wale."

"Nikupulizie sasa, Bi, uusikie wimbo wangu kwanza?" Chengo akauliza.

"La! Nikiusikia leo watasema nimezoezwa. Nitausikia siku hiyo."

Sikulala vizuri mpaka siku hiyo ilipofika. Wagonjwa wa shangazi ni wagonjwa wa shangazi, na pepo wa Likoni nani anawajua wote? Akipandwa tena, Bi Mwanatatu ataketi nyuma mpaka anakufa, na Chengo atarudi kwenye magunia mpaka mgongo ukatike. Wote wawili walikuwa wameyaweka maisha yao juu ya wimbo mmoja.

Likoni nzima ilikuja, na si wote waliokuja kwa ajili ya Dhahabu. Bi Mwanatatu alikaa mbele, ubavuni pa mkwe wake Bi Mwanasaumu, yule wa pilau, ambaye tangu siku ile alikuwa akisalimiana naye kwa kichwa tu. Nyuma yao walisimama wanawake wenye nguvu, na chupa za marashi mkononi, tayari. Mwidani alinong'ona, "Inshallah kheri," akampa Chengo ishara.

Chengo akaulowesha ulimi wa nzumari, akavuta pumzi, akaanza.

Mwito. Nikaitika kwa chapuo. Mwito. Nikaitika. Wimbo ukapanda, ukaanza kuzunguka, na pale pale mabega ya Bi Mwanatatu yakatikisika. Leso ikamdondoka. Nikaona midomo ya Chengo imekuwa myeupe, lakini hakuacha. Bi Mwanatatu akainuka. Wanawake wakamrukia, marashi yakamwagika, mmoja kamshika mkono, mwingine kamkumbatia kiunoni.

"Niacheni!" Sauti ilikuwa yake mwenyewe, kali na nyembamba. "Niacheni, nacheza!"

Akawasukuma, akaingia kati ya uwanja, akazunguka mara moja taratibu, kidole juu, kama mtu aliyerudi nyumbani kwake na kukuta kila kitu mahali pake. Vigelegele vikapasua anga. Alicheza mpaka alipofika mbele ya Bi Mwanasaumu, akasimama, mikono kiunoni, jasho linamtiririka.

"Mkwe wangu," akasema, na watu wakasogea wasikie, "leo sina pepo. Wote mwaniona sina. Basi nasema kwa kinywa changu mwenyewe: pilau yako ile haikuwa na nyama."

Bi Mwanasaumu akamtazama. Nikafumba macho. Nilichosikia ni kicheko chake, kicheko kikubwa cha mwanamke aliyechoka kununa, na sauti yake ikisema, "Nilijua, dada. Wallahi nilijua tangu jikoni."

Uwanja mzima ukaanguka kwa kucheka. Wakwe wale wakashikana mikono wakacheza pamoja, na bibi harusi mwenyewe akachungulia kwa dirisha. Nikamtazama Chengo. Machozi yalikuwa yakimshuka mashavuni, mashavu yamejaa, kifua kinatikisika kwa kicheko asichoweza kukitoa kwa kuwa mdomo uko kazini. Alikuwa akicheka kwa pua, ile ile anayovutia pumzi, na wimbo wake haukukatika.