Mwalimu Nyuma ya Ubao

Atuganile alitoka chuo cha ualimu mwaka 1956 akiwa na cheti, koti la kuazima, na ratiba aliyoichora kwa wino wa rangi mbili. Akapangiwa darasa la kwanza katika shule ndogo ya mlimani, juu kidogo ya mji wa Mbeya. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kujaribiwa: mkaguzi akija akaridhika, wewe ni mwalimu. Asiporidhika, unarudi kushika jembe, na cheti chako unafungia chumvi.

Kwa kupanga mambo, hakuna aliyemweza. Kazi ya asubuhi ilikuwa ubaoni kabla umande haujakauka. Watoto wafupi walikaa mbele, wagomvi walitenganishwa, wanaojikojolea karibu na mlango. Chuoni walimfundisha kila kitu isipokuwa la kufanya baba mkwe anapopita dirishani.

Maana alikuwa ameolewa. Mumewe, Mika, alikuwa karani mjini. Baba yake Mika, mzee Eliezeri, alikuwa na shamba la kahawa mbele ya shule, na njia ya kwenda huko ilipita chini ya dirisha la darasa. Sasa kwao Wanyakyusa, mke hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hamsemeshi, hawakai chumba kimoja. Akimwona anakuja, anaingia kichakani au anajifunika nguo mpaka mzee apite. Wachungaji walishapiga vita pombe, ngoma na wake wengi. Hili walilijaribu kidogo, wakashindwa na mama zao wenyewe.

Mzee Eliezeri alikuwa mtu wa adabu. Kila akikaribia dirisha alikohoa kwa nguvu ili mkwewe apate nafasi ya kujificha. Atuganile anazama chini ya meza, kujumlisha kunasimama, mzee anapita taratibu maana magoti yalimsumbua.

Mtoto mmoja aitwaye Asukile ndiye aliyeanza. Siku moja katikati ya hesabu alikohoa kwa sauti nzito ya kizee. Mwalimu akazama. Darasa likawa soko. Kabla ya mwezi kwisha, kila mtoto alikuwa mgonjwa wa kifua.

Ndipo Mwalimu Mkuu, Bwana Isihaka, alipoingia akaona visigino chini ya meza. Huyu alikuwa mtu wa mjini, babu zake walitoka pwani kwa biashara, na mambo ya wakwe wa huku yalikuwa yakimpita.

"Mwalimu, umepoteza nini huko chini?"

"Sijapoteza kitu, Bwana Isihaka. Amepita?"

"Nani?"

"Baba yake Mika."

"Baba yake Mika nimemwacha barabarani sasa hivi, ananunua tumbaku."

Asukile akaanza kuchunguza nyasi za paa kwa makini sana.

"Sikia, mwanangu," Isihaka alisema baada ya kuelezwa. "Sisi kwetu mkwe tunampa mkono, tunampikia pilau, tunamsengenya akishaondoka. Ninyi mna yenu, sawa. Lakini mkaguzi anakuja mwezi ujao. Akikukuta chini ya meza nimwambie nini? Kwamba unataga?"

Mila Atuganile hakuweza kuihamisha, wala njia ya mzee. Akahamisha ubao. Ulikuwa ubao wa miguu. Akausimamisha mshazari, ukimkinga na dirisha na mlango. Hatua moja nyuma, haonekani. Akachonga fimbo ndefu ya kuonyeshea maneno, inayofika mbele ya ubao hata yeye akiwa nyuma. Kila benchi likapata kiongozi wake. Kisha akatoa amri: akikohoa mtu yeyote, darasa zima linasimama na kusoma ubao kuanzia juu, mpaka fimbo ishuke.

Asukile alijaribu mara moja tu. Walisoma mpaka wenzake wakaapa kumshughulikia wakati wa mapumziko. Baridi ya Julai ilipoingia, hata wenye mafua ya kweli walimeza vikohozi mpaka machozi yakawatoka.

Mkaguzi akaja, Mzungu mwenye kaptula na soksi ndefu. Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa anaumwa, kamati ikatuma mzee mwingine amsindikize mgeni. Ikamtuma Eliezeri.

Mlangoni mzee akakohoa.

Atuganile akarudi nyuma ya ubao. Darasa likasimama, likasoma. Mkaguzi akaona watoto, fimbo inayotembea, na viatu viwili.

"Mwalimu yuko wapi?"

Mzee Eliezeri alikuwa ameshaligeuzia darasa mgongo, anatazama mlima. "Yuko nyuma ya ubao, Bwana. Ananiheshimu."

"Na wewe mbona umegeuka?"

"Na mimi namheshimu."

Mkaguzi akamgeukia Isihaka, ambaye alikuwa amesimama pembeni anakagua kucha zake. "Nimekuja kumwona mwalimu akifundisha. Simwoni!"

"Mimi tangu aolewe simwoni," mzee alisema, "na chakula nakula."

Nyuma ya ubao Atuganile alijua kazi yake inaondoka. Akitokeza, amemvunjia heshima mzee mbele ya wageni, asipotokeza, jembe. Akasogeza fimbo kwenye neno la pili.

Mkaguzi akaingia kati ya mabenchi. Akamchagua mtoto wa nyuma kabisa, mtoto akasoma. Akatoa hesabu, ikajibiwa. Mkaguzi alipozubaa mbele yao, kiongozi wa benchi akamwomba apishe, anaziba ubao. Mwishowe akaandika kitu, akamwonyesha Isihaka, akatoka.

Isihaka akachungulia nyuma ya ubao. "Umepita, Mwalimu! Umethibitishwa."

"Ahsante, Bwana Isihaka. Wameondoka?"

"Waondoke wapi! Wamekaa mlangoni wanakunywa chai. Mzee anamsimulia Mzungu habari za ng'ombe wake, na hajafika hata kwenye ndama."

Tangu asubuhi Atuganile hakuwa ametoka hata kujisaidia. Akautazama mlango, akalitazama dirisha. Akavua viatu, akavirusha nje, akakunja sketi, akapanda dirishani.

Darasa zima likasimama kimya, kama alivyowafundisha kufanya mwalimu anapotoka.